Hatua za Mjomba Waziri

Kopo lilikuwa la biskuti, limefungwa kwa ukanda wa mpira wa baiskeli. Rehema alipolifungua alimkuta yule mtu wa udongo amelala ndani ya kitambaa, urefu wake kama kiganja, mguu mmoja mbele na mwingine nyuma. Akamgusa kifuani kwa ncha ya kidole. Kidole kikazama.

Rehema akaketi juu ya benchi, akakitazama kidole chake. Udongo wa mafuta, ule unaouzwa kwa vipande vya rangi, hukaa laini miaka na miaka. Ndiyo sababu ulibuniwa, na mwalimu mmoja wa uchongaji huko Uingereza aliyechoka kuona kazi za wanafunzi wake zikikauka kabla hazijamalizika. Lakini huyu hakuwa wa udongo wa mafuta. Alifinyangwa kwa udongo wa kijivu uliochimbwa chini ya sakafu ya chumba hikihiki mwaka wa 2002, na udongo wa namna ile ukiuacha siku tatu unapasuka, ukiuacha mwaka unakuwa jiwe. Huyu alikuwa amelala ndani ya kopo miaka ishirini na mmoja.

Akamwinua puani. Alinukia kama vumbi linaloguswa na matone ya kwanza ya mvua. Nje jua lilikuwa kali, na mtaa mzima wa Mikelenge haukuwa umeona mvua kwa wiki tatu.

Chumba kile kilikuwa karakana ya mjomba wake, Waziri. Katika miaka ya themanini padri mmoja mzungu mwenye kamera ya chuma ya kutiwa ufunguo alimfundisha Waziri kutengeneza filamu za udongo, na padri alipoondoka alimwachia kamera. Mbu aliyeuma mtoto, konokono wa kichocho, mama anayechemsha maji: vyote Waziri alivifinyanga kwa mikono yake, akavipa mifupa ya waya, akavitembeza. Televisheni ilivionyesha, na pale stesheni ya treni vilionyeshwa juu ya shuka nyeupe. Alipenda kumweleza Rehema kwamba kazi hii ina umri karibu sawa na sinema yenyewe. Kwamba watu wa kwanza waliweka bonge la udongo mbele ya kamera, wakalipiga picha, wakalibinya kidogo, wakalipiga tena, na watazamaji wakaona bonge linajigeuza uso wa mtu na wakapiga kelele ndani ya ukumbi. Baadaye televisheni ikaja, ikataka vipindi vifupi vya watoto, na udongo ukapata kazi kila nyumba iliyokuwa na kioo.

"Picha ishirini na nne kwa sekunde moja," mjomba alikuwa akisema kwa Kiswahili cha Kindu, kinachosema "njo" badala ya "ndiyo". "Kati ya picha na picha, njo sisi tunaingia."

Sasa Rehema alikuwa na miaka thelathini na mitatu, akiunganisha picha katika kituo kidogo cha televisheni mjini Kindu. Mkuu wake alitaka filamu fupi ya watoto kuhusu miaka ya vita, na Rehema akasema ataifanya kwa udongo, kama mjomba. Mama yake, Mama Hawa, alipoombwa ufunguo wa karakana aliendelea kutwanga sombe, majani ya muhogo, kana kwamba hakusikia.

"Ile nyumba uiache vile iko," alisema mwishoni.

"Juu ya nini, mama?"

"Juu ninasema."

Rehema aliutafuta ufunguo mwenyewe, akaupata chini kabisa ya sanduku la vitenge, umeviringishwa ndani ya karatasi iliyoandikwa aya ya Kurani.

Siku ya kwanza alifanya kazi na Djo, mpiga picha wa kituo, mwanaume mnene mpole aliyekuja kwa pikipiki yake na kamera, kompyuta na betri ya sola begani. Wakafunika dirisha la pekee kwa kitambaa cheusi, maana kazi ya udongo haitaki jua. Mwanga ukibadilika kati ya picha na picha, filamu inacheza kama taa mbovu. Mlango ulipofungwa ilikuwa saa nne asubuhi nje na usiku ndani, taa moja tu ikimulika meza. Juu ya meza mjomba alikuwa ameacha kijiji chake cha maboksi, chenye njia na mwisho wa njia mlango mdogo. Rehema alikusudia kufinyanga mtu mpya. Lakini yule wa zamani alikuwa laini, na hatua yake ilikuwa imekatwa katikati, na ilimuuma kuiona imekatwa.

"Dada, huyu anaenda wapi?" Djo aliuliza.

"Ku mulango. Mjomba hakummaliza."

Rehema alisogeza, Djo akabonyeza kitufe cha waya. Mguu kidogo, picha. Bega kidogo, picha. Walipofika tisini na sita wakapumzika, na Djo akatazama ndani ya kompyuta.

"Iko tisini na tisa."

"Umehesabu vibaya."

"Sikuhesabu mimi. Mashine njo inahesabu." Akazifungua zile tatu za zaidi. Njia, maboksi, mtu wa udongo. Katika ya kwanza alikuwa anatazama mlango wake mdogo. Katika ya pili kichwa kilikuwa kimegeuka. Katika ya tatu alikuwa anaitazama kamera. "Ni we uligeuza kichwa?"

"Hapana."

Wote wawili wakatazama mezani. Kichwa kilikuwa mahali pake, kinatazama mlango. Djo akasema labda mashine imechanganya, na Rehema akakubali upesi, kama mtu anayekubali kitu asichotaka kukijadili.

Siku ya pili, saa sita, walitoka kula. Djo alikwenda sokoni, Rehema akafunga mlango kwa ufunguo akaenda kwa mama yake. Waliporudi, kompyuta ilionyesha picha arobaini mpya. Djo alizipitisha moja moja kwa kidole, na mtu wa udongo akatembea, si kama walivyomtembeza wao, kwa kusitasita, bali laini, kama mtu aliyezoea kutembea. Kuanzia picha ya thelathini kulikuwa na kitu kingine ukingoni mwa meza. Ulikuwa mkono wa mtu mzima, umelazwa kuanzia kiwiko, kiganja juu, kama kifaa kilichowekwa pale kingoje kutumiwa. Kwenye kifundo kulikuwa na bangili ya shaba.

Rehema aliishika bangili yake.

"Ulirudi huku?" Djo alinong'ona.

"Nilikuwa kwa mama. Nimekula."

"Umekula nini?"

Akafungua kinywa amjibu. Alikumbuka kufunga mlango, akakumbuka kuufungua. Kati ya kufunga na kufungua hapakuwa na njia, hapakuwa na sahani, hapakuwa na mama. Akampigia simu Mama Hawa, na sauti ya mama ikasema, "Chakula kimepoa, mutoto wangu. Ninakungojea tangu adhuhuri."

Ndipo Djo akaishusha taa na kuisogeza karibu na mkono wa Rehema. Chini kidogo ya kiwiko kulikuwa na shimo dogo la mviringo, limebonyea, na ndani yake mistari myembamba inayozunguka. Kila anayefanya kazi ya udongo anaijua alama ile. Huonekana hata katika filamu, mashavu ya watu wa udongo yakitetemeka kwa alama za vidole vya aliyewasogeza. Hapakuwa na maumivu. Rehema aliisugua, na nyama yake haikurudi juu.

"Ninaenda kuita muntu," Djo alisema. "Twende wote."

"Twende."

Djo alitoka. Mlango ulibaki wazi nyuma yake, jua likaingia hadi kwenye miguu ya benchi, na Rehema akamfuata. Alipoushika ukingo wa mlango alisikia kamera ikibonyezwa, tki, sauti ndogo kama ya ulimi, na akajikuta ameketi juu ya benchi, mikono mezani. Akainuka. Hatua nne hadi mlangoni, tki, benchi. Akainuka tena, safari hii kwa kukimbia, akaona uani kuku na vifaranga wake, akaona pikipiki ya Djo inageuka kuingia barabarani na vumbi linainuka, akafungua kinywa amwite, tki, na vumbi lilikuwa limetua, kuku hayupo, kivuli cha nyumba kimesogea kufikia ukuta wa jirani, naye yupo kwenye benchi na shingo yake imegeuzwa kuitazama kamera na hawezi kuirudisha, na nyuma yake, huko pembeni ambako taa haikufika, mtu alikuwa anakanda udongo, polepole, kwa mikono mizito yenye maji, akikanda na kupumzika, akikanda na kupumzika, na harufu ile ya mvua ya kwanza ilikuwa imejaa chumba hata ulimi wake ukaonja mchanga, na kila sauti ya kukanda ilipokoma alihisi kitu kinambonyeza mahali, bega, kisha nyonga, kisha kidevu, bila ukali, kwa uangalifu wa fundi.

Alijua sasa. Alikuwa amekwisha kuyaona mambo haya.

Mwaka ule wa 2002 wapiganaji wa msituni walikuwa wameuzunguka mji, na wanajeshi waliokuwa mjini hawakuruhusu mtu kutoka. Reli ilikuwa imekatika, boti hazikuja, na aliyekwenda shambani aliuawa na hawa au na wale. Rehema, mama yake na mjomba Waziri walijifungia karakanani kwa sababu kuta zake zilikuwa za tofali nene. Waliishi kwa majani ya muhogo na maji ya mvua. Chini ya sakafu walichimba handaki la kulala risasi zinapopita, na kwenye kina cha mkono wakaukuta udongo wa kijivu, baridi, uliokuwa unanuka mvua. Udongo wa mafuta wa mjomba ulikuwa umekwisha. Mtoto alikuwa analia kwa njaa, na kilio kilileta askari. Basi mjomba akafinyanga mtu mdogo, akaiweka kamera juu ya miguu yake mitatu, akasema, "Mimi ninasogeza, we unabonyeza."

Kwa siku tisa Rehema hakulia. Siku ya kumi mjomba alisimama kando ya meza, mkono hewani, toka asubuhi mpaka alasiri. Siku ya kumi na moja alifungua mlango akatoka barabarani, pale ambapo hakuna mtu aliyepita. Watu wote wa mtaa walisema njaa ilimtia wazimu. Kamera iliporwa wiki ileile.

Djo alirudi na mwalimu Soudi, fundi cherehani wa sokoni aliyefundisha watoto Kurani asubuhi, mtu mwembamba mwenye pumu. Aliingia na tepu ya kupimia nguo bado shingoni. Alipoona jinsi Rehema alivyoketi alisimama, akashusha pumzi kwa shida, akawasha ubani kwenye kigae, akaanza kusoma kwa sauti ya chini. Kukanda kule pembeni kukakoma. Shingo ya Rehema ikalegea.

"Unanisikia, binti yangu?"

"Ninakusikia, mwalimu."

"Aliye hapa, anataka nini?"

Rehema alitaka kusema sijui. Lakini kinywa chake kilifunguka kwa vipande, kidogo, kidogo zaidi, na sauti iliyotoka ilikuwa nzito na tulivu. "Nililala. Walinichimba. Walinipa miguu, wakaniacha katika hatua. Nimalizieni hatua, nitoke."

Mwalimu akakohoa mpaka machozi yakamtoka. Djo alikuwa ameegemea ukuta, akifanya ishara ya msalaba polepole.

"Usimjibu," mwalimu alimwambia Rehema. "Nijibu mimi. Kazi hii inafanywa na mtu mmoja?"

"Wawili. Mmoja anasogeza, mmoja anabonyeza."

"Na siku ile ya mjomba wako. Yeye alisogezwa. Nani alibonyeza?"

Rehema alikuwa hajapata kulisema jambo hili kwa mtu yeyote, wala kwa mume aliyeachana naye, wala katika sala.

"Mimi," alisema. "Nilikuwa ku dirisha na kamera. Kila nikibonyeza, mjomba anapiga hatua. Nilifikiri ni mchezo wetu. Kisha akafika katikati ya barabara na nikaogopa, nikaondoa kidole. Akasimama pale, mguu juu. Alikuwa ananingoja. Sikubonyeza tena, mwalimu. Askari wakampiga risasi akiwa amesimama."

Mwalimu Soudi akaitoa tepu shingoni na kuifunga kwenye kifundo cha mkono wa Rehema, ncha nyingine kwenye mkono wake mwenyewe.

"Hatutamaliza hatua yake," alisema. "Tutamrudisha. Alikuja kidogo kidogo, ataondoka vilevile. Fungeni mlango. Hakuna anayetoka mpaka arudi bonge."

Wakaufunga. Rehema aliirudisha njia nyuma: mguu uliokuwa mbele ukarudi, bega likarudi, kichwa kikainama. Djo alibonyeza, machozi yakimtiririka, akihesabu kwa sauti ili mashine isimwongoze. Mwalimu alisoma. Joto ndani ya chumba kilichofungwa likawa kama la tanuri ya matofali, na pumzi ya mwalimu ikaanza kupiga filimbi, lakini hakukoma. Kila picha ilikuwa nzito kuliko iliyotangulia. Kwenye picha ya mia mbili udongo ukawa na joto la mwili chini ya vidole vya Rehema, na alipoubinya uso ili kuufuta, alihisi midomo midogo ikienda chini ya dole gumba lake, ikisema kitu, na sauti aliyoisikia ndani ya sikio haikuwa ile nzito, ilikuwa sauti ya mjomba Waziri, yenye njaa, inayomwomba abonyeze mara moja tu, mtoto mzuri, mara moja tu, barabara si pana.

Mkono wake ukasimama hewani.

"Rehema," mwalimu alisema, bila kupaza sauti. Tepu ikakaza.

Akaufuta uso.

Baada ya hapo miguu ilitoka upesi, kisha mikono, waya ukabaki mtupu mezani, na kwenye picha ya mia tatu na kumi na mbili palikuwa na bonge la kijivu tu. Djo alifunua mbao za sakafu. Handaki la zamani lilikuwa pale, kavu, limejaa utando wa buibui. Rehema alishuka hadi kiunoni akaliweka bonge mahali lilipochimbwa. Alipoondoa kiganja, lilipasuka vipande vinne kwa mlio mdogo, likawa jiwe. Wakafukia kwa mchanga, na kesho yake Djo akaja na saruji. Mashimo katika mwili wa Rehema yalijaa moja baada ya jingine, kama nyama inayoamka. Siku ile ya kufukia, alipovuka kizingiti alikutana na mwanga wa jioni, akakaa chini uani, akatapika maji matupu.

Ijumaa iliyofuata alikwenda kwa mama yake. Mama Hawa alikuwa ameketi barazani akichambua mchele kwenye ungo. Rehema akamweleza yote bila kuficha, na alipofika kwenye dirisha na kamera alishindwa kumtazama usoni.

"Ni mimi, mama. Mi njo nilimwacha kaka yako katikati ya barabara."

Mama Hawa aliuweka ungo chini.

"Nani alikuambia vile?"

"Ninakumbuka."

"Mi nilikuwa ndani ya handaki, kichwa nje. Nilikuona." Mama alisema taratibu, kama anayetembea juu ya sakafu asiyoiamini. "Ulikuwa ku dirisha, ndiyo. Mikono yako yote miwili ulikuwa umeziba masikio. Macho umefumba. Kamera ilikuwa nyuma yako, mbali, ku meza. Usingeifikia."

"Lakini ilikuwa inabonyezwa. Niliisikia."

"Hata mimi niliisikia," Mama Hawa alisema. "Mpaka alipoanguka. Njo maana nilificha ufunguo. Njo maana sikukuuliza kitu miaka hii yote."

Rehema alihisi uzito alioubeba tangu utotoni unamtoka kifuani, na kabla haujatoka wote, akaelewa. Walifukia mmoja. Yule aliyekuwa anasogeza, si yule anayebonyeza.

Akamtazama mama yake, akaona kwamba mama ameelewa muda mrefu uliopita. Adhana ya alasiri ilianza kusikika kutoka upande wa mto. Wote wawili walibaki wameketi, magoti yakigusana, mikono mapajani, na hakuna kati yao aliyetaka kuwa wa kwanza kusogea.